Jicho la Kutazamia Nyotamkia

Macho hupewa mtu bure, lakini kuona hujifunzwa. Watu elfu waweza kutazama mbingu moja usiku mmoja, na kila mtu akarudi nyumbani na habari yake: mmoja ameona uzuri, wa pili ameona hofu, na wa tatu hakuona kitu kwa kuwa aliangalia njia asikanyage tope. Zamani nyota ya mkia ilipotokea, wengi waliamini kuwa imeleta vita, njaa au kifo cha mfalme. Nyota ile ilikuwa ikipita katika njia yake, na njia hiyo yaweza kuhesabiwa. Edmond Halley wa Uingereza aliihesabu njia ya nyotamkia moja, akatangaza katika mwaka 1705 kwamba ingerudi kiasi cha mwaka 1758. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1742. Nyotamkia ilionekana tena mwishoni mwa mwaka 1758, kama alivyosema. Tangu siku ile hofu ilianza kuipisha hesabu.

Insha hii ni juu ya jicho la kuundwa kwa mikono: kamera ya darubini ya angani, ambayo kazi yake ni kupiga picha za nyotamkia. Nililazimika kuifikiri kamera hiyo kwa makini mtaani kwetu, upande wa mashariki ya Nairobi, mbele ya mama mmoja aliyetaka jibu lisilo na maneno ya mzunguko.

Mama huyo huuza mboga katika soko la Jericho. Binti yake alikuwa Kidato cha Tatu mwaka 2024, wakati nyotamkia Tsuchinshan-ATLAS, iliyogunduliwa na vituo vya China na Afrika Kusini mwaka uliotangulia, ilipoonekana jioni upande wa magharibi. Binti alipanda juu ya tangi la maji akaipiga picha kwa simu, akapata doa jeupe lisilo na mkia. Mwingine angesikitika akalala. Yeye alianza kuchora, nyuma ya kalenda kuukuu, kamera ambayo ingefanya kazi vizuri zaidi kama ingepelekwa angani.

“Mwalimu,” mama aliniambia, “mtoto huyu ana akili, wala sina ugomvi na akili yake. Lakini kila usiku stima yawaka hadi saa sita, naye anachora kitu cha kupelekwa mbinguni. Dada yangu ana cherehani Gikomba, ameahidi kumfundisha kushona wakati wa likizo. Yeye hataki kusikia. Wewe umefundisha fizikia miaka mingi. Mwambie aache, atakusikia.”

Nilimjibu kwamba siwezi kumkataza mtu jambo nisilolipima. Tukapatana kwamba Jumapili alasiri michoro iletwe mezani kwangu, na mama awepo asikie yote, aulize apendalo, na mwisho yeye ndiye aamue. Nilijua kwamba neno langu siku ile laweza kufunga mlango wa mtoto au kuumiza mkoba wa mama, na yote mawili ni mambo mazito.

Swali la kwanza lilikuwa la mama. “Kwa nini kamera isikae hapa chini tukatazama kutoka hapa?”

Binti alimwonyesha jiko la makaa lililokuwa barazani. “Mama, tazama ukuta ule kupitia juu ya jiko.” Ukuta ulionekana ukitetemeka, kwa sababu hewa ya moto na hewa ya baridi hazipindi nuru sawasawa. Hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu hufanya vivyo hivyo, na ndiyo sababu nyota humeta. Mtu apigaye picha kutoka ardhini hupiga picha kupitia mvuke wa jiko kubwa.

Niliongeza sababu ya pili. Nyotamkia ina kiini cha barafu na vumbi, aghalabu chenye upana wa kilometa chache tu. Kinapokaribia jua, barafu hugeuka mvuke, nao hutoka na vumbi na kulizunguka lile bonge kama ukungu. Mkia wa vumbi husukumwa na nuru ya jua, nao hupinda kidogo. Mkia wa gesi huvutwa na upepo wa chembe utokao katika jua. Yote miwili huelekea upande wa pili wa jua, hata nyotamkia inapoondoka kwenda zake. Sehemu za maji yaliyovunjika hung’aa hasa kwa nuru iliyo ng’ambo ya urujuani, ambayo jicho haliioni na ambayo sehemu yake kubwa huzuiwa na hewa. Mwaka 1970 chombo cha Marekani kiitwacho OAO-2 kilitazama nyotamkia Tago-Sato-Kosaka kutoka angani, kikakuta imezungukwa na wingu kubwa mno la hidrojeni. Hakuna mtu aliyesimama ardhini aliyekuwa amewahi kuliona wingu la namna hiyo.

Mama alitikisa kichwa polepole. Tukaendelea.

Mchoro wa binti ulikuwa na kioo cha duara chenye upana wa sentimita 10, naye alikusudia kupiga kwa kamera hiyo moja picha ya mkia wote, na pia picha ya kiini pamoja na mashimo yake. Hapo nilimwomba afanye hesabu. Digrii moja ya pembe hugawanywa katika sehemu 3,600, na kila sehemu huitwa sekunde ya pembe. Ni pembe ndogo sana: kitu chenye upana wa sentimita 2.4 kikitazamwa kutoka umbali wa kilometa 5, karibu na mwendo wa kutoka Jericho hadi katikati ya mji, huonekana na upana wa sekunde moja tu. Nuru nayo ina tabia ya mawimbi. Kwa hiyo kioo kidogo hakiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana mno, hata kikisuguliwa kwa ustadi gani. Kioo cha sentimita 10 hufikia sekunde 1.26 hivi.

Binti alipiga hesabu. Nyotamkia ikiwa mbali nasi kilometa milioni 150, sawa na jua, kitu kidogo kabisa ambacho kamera yake ingekitenga kina upana wa kilometa 900. Kiini cha nyotamkia ya Halley kina urefu wa kilometa 15 hivi. Alinyamaza, akaiangalia kalamu yake.

“Basi tukuze kioo,” alisema mama, naye hakuwa amepewa kalamu.

Lilikuwa wazo la haki. Darubini ya Hubble, iliyorushwa tarehe 24 Aprili 1990, ina kioo cha mita 2.4. Hata hiyo, kwa umbali uleule, hutenga vitu vya kilometa 40 hivi tu. Kiini bado ni nukta. Ndipo binti alipoona njia ya pili mwenyewe: ikiwa jicho haliwezi kukua, hapana budi lisogee. Kioo chake cha sentimita 10, kikiwa kilometa 1,000 tu kutoka kwenye kiini, chaweza kutenga vitu vya upana wa mita 6.

Hivyo ndivyo watu walivyofanya. Tarehe 14 Machi 1986 chombo cha Ulaya kiitwacho Giotto kilipita umbali wa kilometa 600 hivi kutoka kwenye kiini cha Halley. Kamera yake ilionyesha kitu cheusi kama makaa, kinachorudisha sehemu 4 tu katika kila sehemu 100 za nuru kinayopata. Lakini Giotto kilipita kwa mwendo wa kilometa 68 kwa sekunde, na kwa mwendo huo punje ya vumbi ni risasi. Sekunde chache kabla ya kufika karibu kabisa, punje moja ilikigonga kikayumba. Na ijapokuwa chombo chenyewe kiliokoka, kamera haikupiga picha tena.

Waliokuja baadaye walikwenda polepole. Chombo Rosetta kilirushwa mwaka 2004, kikaifikia nyotamkia 67P/Churyumov-Gerasimenko mwezi Agosti 2014, kikakaa nayo hadi tarehe 30 Septemba 2016. Hicho kilikuwa na macho mawili. Kamera moja iliona upana wa digrii 2.2 tu, kwa ajili ya mawe na nyufa za kiini. Ya pili iliona digrii 12, kwa ajili ya mvuke na vumbi linalokizunguka. Wahandisi walijua kwamba mshika mawili moja humponyoka, wakaliundia kila jambo jicho lake. Binti alichukua kalenda nyingine akachora kamera mbili mahali pa moja.

Jambo la tatu lilikuwa nuru isiyotakiwa. Katika mitaa yetu kuna taa ndefu za mlingoti tuziitazo mulika mwizi. Sizilaumu, maana mama arudiye kutoka sokoni usiku huziombea uzima. Lakini zimetufichia nyota. Angani taa hiyo ni jua lenyewe, ambalo nyotamkia hulisogelea hasa wakati inapopendeza kutazamwa. Nuru ya jua ikigonga ukingo wa ndani wa kamera mara moja tu, mkia hafifu hupotea. Dawa yake kila mtu huijua: mtu akitaka kuona mbali juani huweka kiganja juu ya macho. Kamera nayo huwekewa bomba refu mbele ya kioo, lenye pete ndani yake na rangi nyeusi kabisa, ili nuru ya pembeni igonge pete hii na ile mpaka ife kabla ya kufika ndani.

La nne lilikuwa utulivu. Aliyejaribu kupiga picha akiwa ndani ya matatu katika Barabara ya Jogoo anajua kasoro hiyo. Nyotamkia husogea mbele ya nyota nyingine: ikisogea sekunde moja ya pembe kwa kila dakika, na kamera ikafunguliwa dakika 10, itachora mstari mahali pa nukta. Basi chombo chote lazima kigeuke taratibu kuifuata. Lakini angani hapana ardhi ya kukanyagia mtu akitaka kugeuka. Wahandisi hutia magurudumu ndani ya chombo; gurudumu likizungushwa kwenda kulia, chombo hugeuka kwenda kushoto. Hubble hutulia kwa namna hiyo bila kuyumba zaidi ya sekunde 0.007 za pembe.

La tano lilikuwa joto. Mabati ya nyumba zetu hulia jioni yanapopoa, kwa sababu chuma hutanuka mchana na kusinyaa usiku. Hubble huizunguka dunia kwa muda wa dakika 95 hivi, ikiingia kivulini na kutoka juani katika kila mzunguko. Mwili wa kamera ukitanuka sehemu ndogo ya unywele, kioo na bamba la kunasia nuru huachana, na picha hufifia. Kwa sababu hiyo kamera ya Rosetta yenye kuona kwa upana mdogo iliundwa kwa kabidi ya silikoni, vioo pamoja na mwili wake, ili vyote vitanuke na kusinyaa pamoja kwa kiasi kilekile. Binti alikuwa ameandika “bati la Kamukunji”. Alilifuta, akaniomba nimtajie tena jina lile.

La sita lilikuwa kuileta picha nyumbani. Bamba lenye vijumba 2,048 kwa 2,048 lina vijumba 4,194,304, na kila kijumba huandika kiasi cha nuru kilichokiingia. Kiasi hicho kikiandikwa kwa biti 16, picha moja ina biti 67,108,864. Redio ikipeleka biti 10,000 kwa kila sekunde, picha moja itasafiri kwa muda wa saa 1 na dakika 52. Kwa hiyo mwenye kamera hapigi picha ovyo. Huchagua kama mama anavyochagua mboga alfajiri: kikapu ni kimoja, na kisichouzika hakibebwi. Mama alicheka aliposikia hayo, ikawa mara ya kwanza kucheka tangu aketi.

La saba sikuliacha, ingawa giza lilikuwa likiingia. Kioo cha Hubble kilisuguliwa kwa uangalifu mkubwa, lakini kifaa cha kukipimia kilikuwa kimefungwa vibaya kwa kiasi cha milimeta 1.3. Kwa hiyo mafundi walikifuata kwa utii kipimo cha uongo, na ukingo wa kioo ukapungua kwa kiasi cha sehemu 1 ya 50 ya unene wa unywele. Picha za kwanza zilikuja na ukungu. Ililazimu wanaanga wapande mwezi Desemba 1993 kuitia darubini vioo vya kuisahihisha. Mwezi Julai 1994 Hubble ikaonyesha vizuri makovu yaliyoachwa na vipande vya nyotamkia Shoemaker-Levy 9 vilipoigonga sayari ya Mshtarii. Fundi hodari mwenye kipimo kibovu huharibu kwa ustadi. Kwa hiyo kazi ipimwe kwa vipimo viwili visivyotoka mkono mmoja.

Baada ya haya mama aliuliza swali ambalo lilikuwa limemleta. “Mwalimu, nimesikia. Sasa niambie: kamera hii itampa nini?”

Sikutaka kumdanganya. Nilimwambia kwamba kamera iliyochorwa nyuma ya kalenda haitarushwa. Kwamba vyombo vya namna hiyo hutengenezwa na mamia ya watu kwa miaka mingi na kwa fedha nyingi. Na kwamba binti aweza kuwa hodari na bado asipate nafasi. Kisha nikamwambia yaliyo kweli upande wa pili. Tarehe 12 Desemba 1970, katika bahari ya Kenya karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa kwa kazi moja tu, ya kutazama miali ya eksirei kutoka katika nyota. Waitaliano waliirusha kutoka hapo kwa ajili ya Wamarekani, kwa kuwa dunia huzunguka kwa kasi zaidi kwenye Ikweta, nayo huisaidia roketi. Marjorie Townsend, mwanamke aliyeiongoza kazi ile, aliipa jina la Uhuru, kwa heshima ya sikukuu ya nchi yetu. Wakati ule pwani yetu ilitoa mahali na jina. Mwezi Mei 2018 Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na setilaiti yake, 1KUNS-PF, kijisanduku cha sentimita 10 kila upande, kilichoachiliwa kutoka katika Kituo cha Kimataifa cha Anga kwa msaada wa Japani na Umoja wa Mataifa. Tarehe 15 Aprili 2023 ikafuata Taifa-1, iliyosanifiwa na wahandisi wa Kenya na kuundwa kwa ushirikiano na kampuni ya Bulgaria. Taifa-1 ilibeba kamera ya kutazama ardhi yetu, mashamba na misitu. Kamera itazamayo mahindi na kamera itazamayo nyotamkia hutofautiana katika mengi, lakini pembe, nuru, joto, utulivu na kikapu cha redio ni yaleyale.

“Hata asipopata kazi hiyo,” nilisema, “ajuaye kupima nuru na joto hakosi pa kuanzia: atatengeneza miwani, au mitambo ya hospitali, au atafundisha. Lakini kuna faida nyingine isiyo na bei sokoni. Leo amekuta kwamba wazo lake alilolipenda halitimiziki, akalifuta kwa mkono wake bila kulia, akachora jingine.”

Mama alikaa kimya, akaichukua ile kalenda yenye hesabu, akaigeuza huku na huku. “Nilidhani anachora ndoto,” alisema. “Kumbe anahesabu.” Kisha akatoa hukumu yake. Binti atakwenda Gikomba kujifunza kushona siku tatu katika kila juma la likizo, maana nguo hazingojei roketi; na usiku atachora hadi saa nne, stima ikilipwa bila manung’uniko. Tena atamwekea mama hesabu za kibanda, kwa kuwa mtu awezaye kuhesabu biti milioni 67 haoni taabu ya kuhesabu mafungu ya sukuma wiki. Binti alitaka kubisha juu ya cherehani, nikamtazama, akanyamaza. Baadaye aliniambia kwamba kushona kumemfundisha jambo: kitambaa hukatwa mara moja, kwa hiyo hupimwa mara mbili.

Msomaji kijana, huenda nawe una mchoro uliofichwa chini ya godoro, wa kamera, wa daraja, au wa kitu ambacho jirani zako hawana jina lake. Usiufiche mno. Ulete mezani mbele ya watu wakupendao na watu wasiokuelewa, maana wasiokuelewa huuliza maswali ambayo wakupendao hukuonea haya. Ukiambiwa kwamba hauwezekani, usikasirike wala usikubali upesi, omba kalamu. Hesabu ikikukataa, shukuru, kwa maana imekuonyesha mahali pa kuanza upya. Nawe mzazi au mwalimu utakayeyasoma haya, kabla ya kumwambia mtoto aache, kaa naye alasiri moja. Nyotamkia nyingi bado ziko mbali kwenye giza, na zitafika zamu yake ikifika. Watakaozipokea wakati huo ni wale ambao leo hatukuwazimia taa.